Povu Juu ya Kisima

Juzi jirani yangu alimwaga mafuta ya taa kwenye mtaro ulio kati ya nyumba yake na yangu. Alisema vyura walikuwa wanamnyima usingizi, na mjomba wake alimwambia mafuta ya taa ndiyo dawa yao. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Harufu ilipoingia dirishani nilitoka nje na mwiko mkononi, nikamfokea yule mama mbele ya wanawe mpaka wapangaji wakatoka vyumbani kutazama. Hakunijibu vibaya. Aliniuliza kama nilikuwa naumwa, akasema ni vyura tu, jirani. Nilirudi ndani nikakaa sakafuni, vitunguu vinaungua, nikijua kwamba hasira ile haikuwa yake yeye. Ilikuwa na wenyewe, na wengi wao walishakufa.

Nilizaliwa upande wa Ruangwa, ng'ambo ya Mandawa, ambako barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Baba alikuwa Mmwera. Mama alikuwa Mmakua, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji. Tulilima ufuta na mihogo, tukawa na mikorosho yetu michache. Nyumbani tuliongea Kimwera, na Kiswahili tulikikuta shuleni, ndiyo maana hata leo nikikasirika sana Kiswahili hunikimbia.

Shangazi Somoe alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliolewa mara mbili na kuachwa mara mbili kwa sababu ile ile, hakuzaa. Aliporudi mara ya pili, wazee wa ukoo walimpa kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu aliyekitaka, kule bondeni kwenye kisima, ambako udongo ni mweusi na unanata miguuni. Alijenga kibanda chake cha udongo na nyasi, akapanda mpunga kidogo na bamia. Nayasema haya kwa makusudi. Shangazi hakuchagua kukaa kisimani. Aliwekwa pale na wanaume wazima waliokaa wakashauriana, kisha baadaye wanaume hao hao wakauliza anafanya nini pale peke yake.

Kisima chenyewe kilikuwa shimo pana lililochimbwa kwa majembe. Upande mmoja kilikuwa na kina, upande wa pili kiliishia kwenye kidimbwi chenye majani, na mkuyu mmoja uliinama juu ya kidimbwi hicho kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Kijiji kizima kilichota pale.

Kiangazi, vyura walikaa ndani kwa shangazi. Hawakuwa wale wa kahawia wenye chunusi. Hawa walikuwa weupe kama majivu, wamejibanza ukutani juu ya mlango, miguu wameikunja chini ya tumbo, macho wameyafumba, na ncha za vidole vyao zilikuwa za mviringo kama vifungo vya shati. Mtu mgeni angedhani ni madonge ya udongo yaliyosahauliwa wakati wa kukandika. Mvua za kwanza zikinyesha, walitoka mmoja mmoja, weupe ukageuka kuwa kijivu, wakaupanda mkuyu. Asubuhi yake, ukienda kuchota maji, ulikuta mapovu meupe yananing'inia kwenye matawi yaliyo juu ya maji, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Mimi niliamini ni povu la sabuni. Kanga za shangazi zilikuwa safi kuliko za mama, na kwa akili yangu ya utoto nikajua sababu: usiku anapanda mtini kufua. Sikuona ajabu yoyote. Niliona fahari. Siku moja nikamuuliza ni sabuni gani anayotumia mtini, kwa nini asimpe na mama. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha mvua ilipokatika jioni ile alinichukua hadi ukingoni akanionyesha. Vyura watatu au wanne walikuwa wamebanana kwenye tawi moja, na yule mkubwa, jike, alikuwa anapiga miguu yake ya nyuma kama mtu anayekoroga uji usigande, na povu likawa linaumuka chini yao. Alinieleza kwamba mayai yamo mle ndani. Siku chache baadaye alinirudisha pale pale, tukasikiliza viluwiluwi vikidondoka majini kutoka ndani ya lile povu, tone baada ya tone, kama bati linalovuja.

Sitaki mtu afikiri shangazi alikuwa na mapenzi ya ajabu na vyura. Hakuwabembeleza wala hakuwapa majina. Alikuwa tu na adabu nao, kama aliyokuwa nayo kwa kuku wa watu. Chura akiingia kwenye mtungi alimchota kwa kata pamoja na maji, akammimina mahali penye majani mabichi. Alitukataza sote kuwashika ovyo, hasa baba na wengine walipokuwa wametoka kupuliza mikorosho dawa na mikono inanuka salfa, maana alisema ngozi ya chura siyo kama ya mtu, inakunywa kila inachokigusa. Wavulana walipommwagia mmoja chumvi ili waone anavyojinyonganyonga, shangazi alimshika sikio yule mkubwa wao, akamfanya aketi pale akimmwagia yule chura maji safi mpaka chumvi yote ikatoka. Mengine aliyoyasema hayakuwa kweli. Alisema ukilinyooshea povu kidole mvua inaghairi, na hilo sikuliamini hata wakati ule. Lakini kuna neno alilolisema mara nyingi, na sijawahi kusikia hoja ya kulipinga: "Huyu kwao ni hapa. Ukimchoka, hama wewe."

Na kila mtu alijua. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Hakukuwa na mtoto kijijini ambaye hakuwahi kutoboa povu lile kwa kijiti akaona mayai. Baba mwenyewe alinisimulia, akicheka, kwamba alipokuwa mdogo aliangusha povu zima kwa manati na dada yake Somoe akamchapa kwa fimbo ya mpera. Alijua tangu hajaota meno ya pili.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu mvua zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na kuhara kukaingia. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa baiskeli, akakusanya wazazi, akasema kwa maneno mepesi: chemsheni maji, na vyoo msivichimbe mlimani juu ya kisima. Walimshukuru, wakampa kuku. Kisha hakuna aliyechemsha. Kuchemsha maji kunataka kuni kila siku, na kufukia choo ukachimba kingine kunataka mgongo.

Mtoto wa mwisho wa Mama Asha alikufa. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na alizoea kuning'inia kwenye sketi yangu ya shule nikipita kwao. Mama Asha sina neno naye. Mama aliyezika mtoto ana haki ya kuuliza kwa nini. Neno langu ni kwa waliomjibu. Sijui nani alianza, ila nililisikia likitembea: mwaka huu mapovu yamezidi. Yanadondokea maji tunayokunywa. Vyura wanaingia na kutoka nyumbani kwa Somoe kama kuku wake. Na mwanamke asiyezaa, watoto wa wenzake anawaonaje?

Wanaume wakaitana barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Baba alienda. Aliporudi hakula. Mama alimuuliza wameamua nini, akamwambia aangalie sufuria yake.

Asubuhi nilimwona baba akichukua kidumu cha mafuta ya taa, yale ya kibatari chetu, akashika njia ya bondeni. Nilifurahi. Nilijua kibatari cha shangazi kilikuwa kimekauka siku nyingi, nikaona baba amemkumbuka dada yake. Nikamfuata kwa nyuma huku narukaruka. Njiani nikaona wanaume wengine wanashuka na mapanga, na wavulana wana vifuko vya chumvi, nikakumbuka kwamba kila mwaka watu hukusanyika kusafisha kisima. Nikawapita mbio ili niwe wa kwanza kumpa shangazi habari. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia watu wanakuja kusafisha kisima, na baba amekuletea mafuta. Aliinua macho akawatazama wanavyoshuka, akauegemeza mchi ukutani, akaniambia nirudi nyumbani. Nilidhani amechukia kwa sababu hana chakula cha kuwapikia wageni wote wale. Sikurudi.

Balozi ndiye aliyezungumza. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole wake ule nauchukia mpaka leo.

"Bi Somoe, hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kusafisha kisima."

"Kisima kinasafishwa kwa jembe," shangazi akasema. "Nyie mmekuja na mapanga."

Walipanda mkuyu wakaanza kukata matawi. Mapovu yalianguka ukingoni kwenye tope lililokanyagwa, yakapasuka, na viluwiluwi ambavyo havijawa tayari vikatoka vikitapatapa bila maji. Vyura waliruka huku na huku katika mwanga wa asubuhi, wakigeuka rangi, na wavulana, pamoja na yule yule wa sikio, wakawa wanawakimbiza na chumvi. Chura halii kama mbuzi. Anafungua mdomo tu. Niliona midomo mingi imefunguka.

Shangazi hakupiga kelele. Alitembea katikati ya wale watu mpaka kwa baba, ambaye alikuwa amesimama pembeni na kidumu chake.

"Hamisi," alimwambia, "waambie wewe. Waambie lile povu ni nini."

Baba alikitazama kidumu. "Dada, ondoka kwanza. Mambo yakipoa utarudi."

"Sijakuuliza habari ya kuondoka. Nimekuuliza lile povu ni nini."

Baba alihamisha kidumu mkono wa pili. Nilimsubiri, maana nilijua anajua. Nikadhani amesahau, kama mtoto anayesahau jibu mbele ya mwalimu, nikaona nimsaidie. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ni mayai ya chura, baba. Ulinisimulia."

Alinipiga kofi la mdomo. Baba hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile. Kisha, mbele yangu na mbele ya dada yake, akafungua kidumu akakimimina chote kidimbwini. Mafuta yalitambaa juu ya maji yakiwa na rangi za upinde wa mvua, na nakumbuka nikiwa nalamba damu mdomoni niliona yanapendeza, kabla viluwiluwi havijaanza kuelea matumbo juu.

Shangazi aliondoka siku hiyo hiyo. Mama ndiye pekee aliyemsindikiza hadi barabarani, amembebea mtungi, na aliporudi hakuzungumza na baba kwa muda mrefu. Lori la magunia ya ufuta lilimchukua shangazi hadi Nachingwea, na kutoka hapo akaenda Marambo, kwa nani? Kwa mke mwenzake wa ile ndoa ya pili, ambaye naye alikuwa ameshaachika. Ndugu wa damu walimfukuza. Aliyemfungulia mlango ni mwanamke aliyewahi kugombea naye mume.

Maji ya kisima yalinuka mafuta msimu mzima. Hayakunyweka. Akina mama wakawa wanapita pale wakiwa na ndoo zao, wanakwenda mbali kwenye dimbwi lingine lenye tope ambako ng'ombe waliokuwa wakipitishwa walinywa maji. Kuhara hakukuisha. Watoto wengine wakaugua, na safari hii hakuna aliyeitisha kikao, kwa sababu hakukuwa tena na Somoe wa kuulizwa. Mkuyu uliokatwa matawi ulibaki umesimama kama kidole. Mvua zilizofuata sikuona povu hata moja.

Nilifaulu kwenda sekondari Nachingwea, nikakaa kwa ndugu wa mama. Siku za mapumziko niliazima baiskeli nikaenda Marambo. Shangazi alikuwa amekonda, anakohoa, lakini kanga zake zilikuwa zile zile safi. Yeye na mke mwenzake waliishi kama dada, wanabishana kuhusu chumvi ya mboga kutwa nzima. Alikuwa akiniuliza habari za mama, za wadogo zangu, za masomo. Za baba hakuuliza. Mara moja nilimuuliza kama bado ana uchungu na watu wa kule.

"Wale wengine niliwaacha barabarani pale pale, kabla lori halijafika," aliniambia. "Hamisi ndiye nimeshindwa kumwacha."

Alikufa nikiwa nimeshaanza kazi. Baba, ambaye wakati huo alishahama kijijini, alikuja msibani amebeba sanda ya bei kubwa, akalia kwa sauti mpaka wanaume wakamshika mabega, na watu wa Marambo ambao hawakujua lolote wakasema tazama ndugu anavyompenda dada yake. Nilikuwa upande wa wanawake, natwanga. Nilitwanga mpaka mchi ukanichubua viganja.

Baada ya hitima nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa ananawa miguu. Nilimwambia, "Baba, rudi kule ukawaambie."

Akajua nazungumzia nini. Alimaliza kunawa. Alisema alikuwa na watoto sita, na mke ambaye tayari walimwita mgeni, na kama angefungua mdomo siku ile, wangetuondoa sote pamoja na Somoe. Alisema aliogopa. Sikuona uongo wowote katika hayo. Nimezaa sasa, nami najua hofu ya mwenye watoto. Lakini aliogopa akapiga mtoto aliyesema kweli, na mafuta yale angeweza kumwachia mwingine amimine. Nilimwambia kuogopa kwake nimekusikia, na bado aende.

Hakwenda mwaka ule. Alikwenda baadaye, wakati miguu imeanza kumvimba na yeye mwenyewe ameanza kuhesabu mambo yake. Nilimpeleka. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, alimwomba imamu nafasi ya maneno mawili, na mimi nikasimama nje, karibu na dirisha la msikiti. Nilimsikia akieleza. Alisema lile povu lililosemwa ni uchawi lilikuwa mayai ya vyura, kwamba yeye alilijua hilo tangu utoto, kwamba dada yake hakuwa na kosa, na kwamba siku ile alinyamaza.

Kisha kijana mmoja akasema, bila ubaya, "Lakini mzee, povu la chura kila mtu analijua." Wenzake wakacheka. Mwingine akauliza ni dada gani huyo anayesemwa. Balozi alikuwa ameshazikwa, Mama Asha alihama, na vijana wale wengi hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wananyonya. Nilishika nondo za dirisha. Kitu kilichomfukuza shangazi kwake, kilichomuua mbali na kaburi la mama yake, kilikuwa kichekesho cha mchana.

Mzee mmoja wa safu ya mbele, asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti ya juu ni nani anayezungumziwa.

"Somoe," baba akasema. "Dada yangu."

"Yule mchawi wa kisimani?"

"Hapana," baba akasema.

Mzee akaweka kiganja sikioni. Baba akarudia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, iliyotoka hadi nje kwenye viatu: hapana. Yule mzee alimtazama kitambo, akatikisa kichwa, akatafuta fimbo yake, akainuka akaenda zake.